Bwana mifugo naye anahitaji msimamizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie jambo linalotuumiza sisi tunaofuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili nyuma ya nyumba.

Miezi michache iliyopita ng'ombe wangu aligoma kula. Nikampigia kijana anayetutibia mifugo hapa kijijini. Alikuja na pikipiki, akampima joto: nyuzi 41. Akatazama mavi, yalikuwa makavu, akasema hii ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe. Akamchoma shingoni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, nikamlipa, akaondoka. Siku ya tatu ng'ombe akaanza kukohoa, povu likamtoka puani. Mama mmoja jirani, mfugaji wa miaka mingi, alikuja akanishika mkono akauweka chini ya sikio la ng'ombe. Tezi ilikuwa imevimba kama limau. "Ndigana kali hii, mwanangu." Nao huletwa na kupe, lakini ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine kabisa, na tulipoipata tulikuwa tumeshachelewa. Siku ya nane alilala, hakuinuka tena.

Wakati huohuo maziwa ya siku mbili za mwanzo nilishayapeleka kituo cha kukusanya maziwa. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya sindano ile maziwa hayauzwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Pale kituoni wanapima kwa spiriti kuona kama maziwa yameanza kuharibika, na kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, na vipimo hivyo havionyeshi dawa. Kuna watu wameyanywa.

Nilikasirika, sikatai. Lakini kijana si kanjanja. Ana cheti cha chuo cha mifugo na Baraza la Veterinari, linalosajili watoa huduma za mifugo, linamtambua. Nilipomuuliza daktari anayemsimamia ni nani, alicheka kidogo: "Mzee, daktari yuko wilayani. Hata namba yake sina."

Hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 imewatofautisha madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi wenye stashahada au astashahada, na msaidizi anatakiwa afanye kazi chini ya daktari. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo linamweleza hivyohivyo: mtu aliyeruhusiwa kufanya kazi maalumu, chini ya dhamana na maelekezo ya daktari. Kibali kijana anacho. Dhamana na maelekezo ndivyo vilivyokosekana bandani kwangu.

Wapo wanaosema wasaidizi wafukuzwe, tutibiwe na wenye shahada tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuuguliwa na ng'ombe saa tatu za usiku. Wakiondoka wasaidizi hawa, tutakwenda duka la pembejeo tununue chupa na bomba tuchome wenyewe. Na wengine tumeshafanya hivyo, mimi nikiwemo.

Ninachoomba Baraza ni hiki: kibali cha msaidizi kisihuishwe bila jina na saini ya daktari aliyekubali kumsimamia, na sisi wafugaji tulijue jina hilo. Kijana awe na daftari la matibabu: ng'ombe wa nani, joto, dawa gani, kiasi gani, maziwa yamwagwe mpaka lini. Daktari alipitie daftari hilo kila mwezi, na kwa kazi hiyo alipwe, maana daktari mmoja mwenye wilaya nzima mgongoni hawezi kusimamia watu kwa hisani. Homa ikipanda, apigiwe simu kabla ya sindano. Kuchukua tone la damu sikioni na majimaji ya tezi kwenye kipande cha kioo, ya kupeleka maabara kujua ni ugonjwa gani, kijana alifundishwa chuoni. Hajawahi kuulizwa na mtu kwa nini hafanyi.

Huyo kijana bado namwita, sina mwingine. Juzi alikuja kumwona ndama aliyebaki, na kabla hata hajatoa kipimajoto alianza kumpapasa chini ya masikio. Somo hilo kalipata kwa ng'ombe wangu.

Mfugaji,
Muheza, Tanga