Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani: mwalimu asiachwe abahatishe

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kama mwalimu wa darasani, si mwanasheria. Jambo lenyewe ni hakimiliki: ni lini mwalimu anaweza kutumia kazi ya mwandishi darasani bila kumwomba ruhusa. Sikumwandikia waziri, kwa sababu jambo hili hakuna nchi inayoweza kulimaliza peke yake.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaolinda kazi za waandishi na wasanii, na ambao shirika lako ndilo mlezi wake, haukutusahau walimu. Kifungu cha 10 kinaziruhusu nchi kuacha kazi za watu zitumike kama vielelezo vya kufundishia, katika machapisho, matangazo na rekodi, alimradi matumizi yawe ya haki na mwandishi atajwe. Lakini kinaruhusu tu, hakilazimishi, na maandishi yake yanayotumika leo ni yale yaliyorekebishwa Paris mwaka 1971, zamani kabla somo halijatumwa kwenye simu. Kila nchi imejipangia yake. Shairi ninaloweza kulisoma mbele ya wanafunzi bila wasiwasi, nikiwatumia walewale jioni huenda nimeshavunja sheria. Inategemea niko nchi gani na, kipindi kikiwa cha mtandaoni, inategemea pia mwanafunzi yuko nchi gani.

Marekani husifiwa kwa ukarimu katika hili. Sheria yao ya hakimiliki ya 1976, kifungu cha 107, inataja waziwazi nakala nyingi za darasani miongoni mwa mifano ya matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji ruhusa ya mwandishi, kisha inataka mambo manne yapimwe: lengo, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko. Jaji huyapima kwa miezi, akiwa na mawakili pande zote mbili. Mwalimu anayapima kengele ikikaribia kulia.

Ndiyo maana mwaka huohuo wachapishaji, waandishi na wawakilishi wa elimu walikubaliana miongozo yenye tarakimu: shairi zima lisifike maneno 250, makala nzima isifike 2,500. Kwa kukiri kwake yenyewe, miongozo hiyo ilikuwa kiwango cha chini cha kinachoruhusiwa. Taasisi nyingi za elimu zikaigeuza kuwa kikomo. Na masharti yake, Mheshimiwa! Wazo la kutumia kazi fulani linapaswa kumjia mwalimu karibu sana na kipindi, kiasi kwamba asingeweza kupata ruhusa kwa wakati. Anayeandaa somo lake mapema ndiye anayepoteza. Tena nakala ileile isirudiwe muhula baada ya muhula, ilhali somo likieleweka, kulirudia kwa darasa linalofuata ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Mahakama nyingine zimetuelewa vizuri zaidi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kulitenganisha lengo la mwalimu anayetoa nakala ya kipande kifupi na lengo la mwanafunzi anayekisoma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia wachapishaji, wakiwemo wa Oxford na Cambridge, waliokuwa wameshtaki duka la fotokopi pamoja na chuo kikuu. Ila hukumu haivuki mpaka.

Usinisome vibaya. Kitabu cha mazoezi ambacho mwanafunzi hukijaza kikaisha, mwalimu akikidurufu chote kila mwaka, amemnyang'anya mwandishi riziki yake, na sitamtetea. Walimu wengi ni waandishi pia.

Ninachoomba mmeshakifanya mara moja. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliotiwa nguvu 2016, unazilazimisha nchi wanachama wake kuweka ruhusa kwa ajili ya wasioona na kuacha nakala zao zivuke mipaka. Suala la elimu nalo limejadiliwa miaka mingi katika kamati yenu ya kudumu ya hakimiliki, na bado hakuna mkataba. Lipelekeni hatua hiyo: ruhusa ya kufundishia iwe wajibu wa kila nchi mwanachama, ihesabu kipindi cha mtandaoni kuwa darasa, na isifutwe na leseni ambayo shule imebofya kukubali bila kuisoma. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitamka kwamba mkataba unaopinga ruhusa hiyo hauna nguvu, kisha ukaziachia nchi mwanya wa kuzitanguliza leseni. Msiuige mwanya huo.

Na mwalimu aliyekosea kwa nia njema asitozwe kama mfanyabiashara wa nakala bandia. Kwa hili Marekani inafaa kuigwa: mfanyakazi wa taasisi ya elimu isiyo ya faida, akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba matumizi yake yalikuwa ya haki, mahakama humwondolea ile fidia iliyopangwa na sheria.

Kamati itakapokaa tena kulijadili, waiteni na walimu wanaoshika chaki, wakae meza moja na wachapishaji.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasani