Mkinikatia laini, niulizeni kwanza kuhusu namba

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana nina donge na haya makampuni yanayotuuzia intaneti, tivii na simu ya nyumbani kwenye kifurushi kimoja. Kuingia ni dakika tano, fundi anakuja anacheka, ila siku unataka kutoka ndo utawajua.

Mwezi uliopita nilihama kampuni. Kosa la kwanza ni langu nakubali, nilipigia kampuni ya zamani nikasema kateni kila kitu leo leo, nilikuwa na hasira, nilishapitishwa kwa watu wanne na kila mmoja ananiuliza jina upya. Wakakata kweli. Kumbe namba ya simu inahamishwa laini ikiwa bado hai, yaani unaiomba kampuni mpya iivute, namba ikishavuka ndo laini ya zamani inafungwa. Mimi nimeshafunga mwenyewe, nikaenda kule kwingine na namba mkononi wakaniambia haivutiki, imesharudi kwa wenyewe. Na yule dada niliyeongea naye mwisho alijua, si ndo kazi yake? Aliniuliza tu kama nina uhakika, halafu ghafla akanitajia punguzo, miaka yote nalipa bili kamili hilo punguzo lilikuwa limefichwa wapi sijui.

Namba yenyewe ndo mama yangu aliyoikariri. Simu ya mkononi hataki hata kuishika, namba yetu anaibonyeza bila kuangalia. Sasa akipiga anajibiwa na sauti ya mashine kwamba namba haipo. Akamtuma jirani aje kuona kama tuko wazima.

Mengine nimejifunza kwa kuchomwa pia. Kifurushi ni kimoja ila mikataba ilikuwa miwili, wa intaneti ulishaisha, wa tivii bado miezi mitatu, nikalipa faini. King'amuzi na ruta nilirudisha bila kudai risiti, wiki mbili baadae nadaiwa ruta. Na hiyo spidi ya megabiti 100 wanayotangaza usije ukadhani ni megabaiti, gawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, na hapo ni kama umechomeka waya, waifai ya chumba cha nyuma ni habari nyingine kabisa.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyenitamkia, simu ya faiba, yaani ya ule waya wa kioo, inapita kwenye ruta, umeme ukikatika na simu imekufa. Ile laini ya zamani ya waya wa shaba ilikuwa inaletewa umeme wake na kampuni, giza totoro na bado inaita.

Ninachoomba ni kidogo tu, kabla hawajabonyeza hicho kitufe cha kukata walazimishwe kumuuliza mteja swali moja, namba yako unahama nayo au unaiacha? Na wanaotaka kuhama, acheni ya zamani iendelee hata wiki moja mpaka mpya ishike vizuri, kulipa bili mbili kwa wiki hiyo kunauma ila siyo kama hii yangu.

Mama nimemwandikia namba mpya kwa tarakimu kubwa nikaibandika ukutani juu ya simu yake. Jana kapiga ile ya zamani tena.

Msomaji wenu