Mashirika yaajiri Wasandawe pia

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye uandikishaji wa shirika moja la misaada hapa Kwa Mtoro, wilayani Chemba. Waandikishaji wote walitoka mjini. Shangazi alipoanza kujieleza kwa Kisandawe, lugha yenye vidoko, kijana mwenye orodha alicheka, akaandika "hajielezi", akaita mwingine. Mama wa watu akajitanda kanga yake, kimya mpaka tukafika nyumbani. Imeniuma sana.

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake. Mashirika yaajiri vijana wetu waliosoma, na wapo, wakae kwenye meza ya kuandikisha, siyo kubebeshwa maji ya wageni tu.

Msomaji,
Chemba, Dodoma