Nekesa, hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na bluegrass

Kimilili, Bungoma

Mwanangu mpendwa Nekesa,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma kwa sauti wadogo zako wakisikiliza. Sote tu wazima, mahindi yameota vizuri, na shangazi yako anakusalimu sana. Tumefurahi kwamba hiyo bendi ya bluegrass ya huko Tennessee, Marekani, yenye banjo, fidla na mandolini, imekuchukua upige gitaa. Lakini kuna mahali umeandika kwamba wenzako wote wamekulia ndani ya muziki huo, kwamba babu zao waliupiga barazani, na kwamba wewe na gitaa lako la Bungoma unajihisi kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa. Hapo sikubaliani nawe, na nitakueleza kwa nini. Unajua nimewapenda wanamuziki wa bluegrass tangu ujana wangu, na habari zao nimezifuatilia kwa miaka mingi.

Anza na bendi yenyewe iliyoupa muziki huo jina. Bill Monroe aliiita bendi yake Blue Grass Boys kwa heshima ya kwao Kentucky, na baadaye watu wakauita muziki wote kwa jina la bendi. Wachukue wale watano waliokuwa pamoja kuanzia 1946 hadi mwanzo wa 1948, ambao mpaka leo kila bendi ya bluegrass hujipima nao. Monroe mwenyewe alipiga mandolini, Lester Flatt gitaa, Earl Scruggs banjo, Chubby Wise fidla, na Howard Watts besi ile kubwa ya kusimama. Waulize mmoja mmoja kwao walijifunza muziki gani. Hakuna atakayekujibu bluegrass, kwa sababu haikuwepo.

Monroe alizaliwa 1911 karibu na Rosine, Kentucky, kitinda mimba katika watoto wanane. Kaka zake walikuwa wameshachukua fidla na gitaa, naye akaachiwa mandolini. Tena wakamwambia aifunge nyuzi nne tu badala ya nane, asije akawapigia kelele. Macho yake yalikuwa makengeza na hayakuona vizuri, kwa hiyo alikua akitegemea masikio. Mama yake, aliyeimba na kupiga fidla na akodioni, alifariki Bill akiwa na miaka kumi. Baba akafuata Bill akiwa na kumi na sita. Ndipo akaenda kukaa na mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla aliyechechemea kwa sababu ya ajali. Usiku walikwenda pamoja kwenye nyumba zenye ngoma, mjomba akipiga fidla na kijana akimsindikiza kwa gitaa. Nyimbo alizozipata kwa mjomba huyo alizipiga hadi uzeeni.

Kulikuwa na mtu mwingine huko Rosine, na huyu nataka umshike sana. Aliitwa Arnold Shultz. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mchimba makaa ya mawe, anapiga gitaa na fidla. Gitaa alilipiga kwa kidole gumba kikitembeza besi huku vidole vingine vikiimba juu. Hakuacha rekodi hata moja, na alifariki 1931. Lakini wapigaji wa Kentucky waliomsikia walirithishana mkono wake, na Monroe hakuacha kumtaja. Alisimulia jinsi alivyompigia Shultz gitaa kwenye ngoma akiwa bado kijana, na akasema wazi kwamba bluzi iliyo ndani ya muziki wake imetoka huko. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema huu ni muziki wa Wazungu wa milimani, mkumbuke Shultz. Halafu itazame banjo. Mababu zake walivuka bahari na Waafrika waliofanywa watumwa. Wajola wa Senegal na Gambia bado wanapiga akonting, ngozi juu ya kibuyu, na uzi mfupi unaoguswa na kidole gumba, sawa na ule uzi wa tano wa banjo ya mwenzako. Babu yako aliyepiga litungu, kinubi chetu, angeitambua mara moja.

Na hili sitaliacha lipite: wimbo ambao Monroe alijitambulisha nao kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Oktoba 1939, ulikuwa wa mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Ni Rodgers yuleyule ambaye sahani zake za santuri ziliwafikia Wakipsigis wa kwetu, wasichana wakamtungia wimbo wakimwita Chemirocha, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, akaurekodi 1950. Yaani sauti ya mtu mmoja ilimfikia kijana wa Kentucky na wasichana wa Rift Valley, kila upande ukaifanya yake.

Lester Flatt alitoka Tennessee, huko huko uliko, alizaliwa 1914. Alifanya kazi katika viwanda vya kufuma nguo. Kabla ya kuja kwa Bill alikuwa kwenye bendi ya Charlie, kaka yake Bill, na huko aliimba teno na kupiga mandolini. Kwa Bill kazi hizo zilikuwa na mwenyewe, hivyo akahamia kwenye gitaa na sauti ya kuongoza. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anaongea na jirani, na Bill akaikalia kwa juu. Gitaa alilipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Nekesa, hivyo ndivyo nilivyokufundisha mimi! Gumba na shahada, mkono wa gitaa kavu, mkono wa omutibo, mtindo wetu Waluhya wa gitaa, tuliourithi kwa wapigaji kina George Mukabi. Unauonea haya mkono ambao Flatt angekaa chini na kuutazama.

Earl Scruggs ndiye ningependa kukaa naye zaidi. Alizaliwa 1924 Flint Hill, North Carolina, mwana wa mkulima. Baba yake alipiga banjo, lakini alifariki Earl akiwa na miaka minne, kwa hiyo mtoto alibaki na ala na kumbukumbu kidogo sana. Katika eneo lile walikuwapo watu waliokwisha kuanza kupiga banjo kwa vidole vitatu, na aliwasikia. Siku moja, akiwa na miaka kumi hivi, baada ya kugombana na kaka yake Horace, alijifungia chumbani na banjo, akili ikiwa mbali. Kumbe vidole vitatu vilikuwa vinatembea vyenyewe. Pia walikuwa na mazoezi yao na Horace ambayo ninayapenda sana: waliuanza wimbo pamoja mbele ya nyumba, kisha mmoja akazunguka nyumba kushoto na mwingine kulia, kila mtu anapiga peke yake. Wakikutana nyuma walijua kama bado wako pamoja. Jaribuni hilo na mwenzako wa banjo. Halina gharama, na litawafundisha kutunza mwendo kuliko mashine yoyote.

Msikilize Scruggs polepole ukihesabu. Gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, kisha mbili za kufungia. Tatu, tatu, mbili. Hesabu kwa kugonga meza na utaona mkono wako unaijua tayari. Hesabu hiyo imejaa katika ngoma za Afrika, na imo katika nyimbo ulizochezea ukiwa mtoto. Scruggs aliibeba kwenye mkono wa kulia kwa kasi ambayo watu hawakuwahi kuisikia redioni. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi huko Shelby wakati wa vita, na alipojiunga na Monroe, Desemba 1945, alikuwa na miaka 21. Inasimuliwa kwamba Flatt hakutaka banjo kabisa, kwa sababu mpigaji aliyetangulia hakuweza kwenda na mwendo wa bendi. Alipomsikia Scruggs alimwambia Bill amchukue kwa gharama yoyote.

Chubby Wise alitoka Florida, mbali kabisa na milima hiyo. Aliendesha teksi Jacksonville na kupiga fidla usiku, na masikio yake yalikuwa yamejaa swingi na bluzi. Ndiyo maana fidla yake inavuta na kuteleza namna ile, haiendi moja kwa moja kama fidla ya kuchezea ngoma za kijijini. Watts naye ni wa Florida. Alipiga besi na pia alichekesha watu jukwaani kwa jina la Cedric Rainwater. Besi yake inatembea hatua kwa hatua kama ya bendi ya jazi.

Na kwa kuwa wewe ni binti, jua kwamba kabla kidogo ya hao, ndani ya bendi iliyoitwa ya Boys, kulikuwa na mwanamke. Sally Ann Forrester alipiga akodioni na kuimba humo kuanzia 1943 hadi 1946, na yumo kwenye rekodi za 1945. Leo ukipeleka akodioni kwenye bendi ya bluegrass watakuambia siyo bluegrass. Mwambie yeyote anayelinda mipaka hiyo kwamba mwenye jina aliikubali.

Walisafiri ndani ya gari refu, wakipiga hema mji baada ya mji, na mchana wakicheza besiboli na vijana wa mji ili watu waje usiku. Studio waliingia Septemba 1946 na Oktoba 1947, wakaacha nyimbo 28. Mwanzoni mwa 1948 Flatt na Scruggs waliondoka, wakaanzisha bendi yao. Miaka miwili hivi tu, na kilichopatikana humo kimebaki. Mimi naamini kimebaki kwa sababu hakuna aliyeacha kwao mlangoni: mjomba wa Rosine, mchimba makaa, kiwanda cha nyuzi, teksi ya Jacksonville, vyote vilipanda jukwaani. Kama Monroe angetaka watu waliokulia muziki mmoja, angewachukua kaka zake na mambo yangebaki yalivyokuwa.

Sasa mambo ya kazi. Huo mpito wa Flatt wa kumalizia mstari, ule wa kwenye ufunguo wa G, ujifunze mpaka uutoe ukiwa usingizini, kwa sababu wenzako watautarajia. Mandolini ikigonga pigo la nyuma, liache likae wazi, usilifunike. Hizo ni adabu za nyumba unayoingia. Lakini gumba lako usilibadilishe. Watafutie wimbo mmoja wa kwetu wenye mwendo wa omutibo, uwapigie kwenye mazoezi bila kuomba radhi, halafu mwache wa banjo atafute pa kuingia.

Na ukiandika tena, niambie habari za wenzako. Huyo wa fidla alifundishwa na nani? Wa banjo, baba yake anafanya kazi gani? Kabla ya bluegrass walikuwa wakisikiliza nini nyumbani? Nitumie na sauti ya mazoezi kwenye simu ya mama yako, hata kama mmekosea katikati.

Babako akupendaye,
Baba Nekesa