Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: mmea uliucheka, haya sindano iko wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti,

Assalaam aleikum na heshima zako zote. Natumai hujambo, nyumbani hawajambo, na kiyoyozi cha ofisini kinafanya kazi manake joto la mwezi huu si la mchezo.

Mimi ni yule mama aliyesimama kwenye kikao cha maoni ya bajeti wiki iliyopita kuuliza kuhusu kipimo cha vitamini B12, ile ya damu na neva, na kutaja mmea uliotiwa jeni ya binadamu. Nadhani unanikumbuka, kwa sababu ulinijibu kwenye maiki ukasema "huyu mama anataka tumlishe GMO", yaani chakula kilichobadilishwa jeni, ukumbi wote ukaangua kicheko, hata chifu wetu alicheka, na maiki ikapelekwa kwa mwingine sijafika hata nusu ya swali. Basi naja kulimalizia hapa, hapa hakuna wa kuninyang'anya.

Kwanza tukumbushane mheshimiwa. Bajeti ya mwaka juzi ni wewe, si mimi, uliyesema hospitali yetu italetewa "kipimo cha kisasa cha vitamini" na kwamba sindano za B12 hazitakosekana tena. Nilikupigia makofi na mimi, tena kwa nguvu. Kipimo hatujakiona mpaka leo. Sindano zilikuja, zikaisha, na tangu kabla ya Ramadhani ukifika pale dirishani kwa famasi ni "hakuna mama, nunua nje". Nje ukienda famasi ya kwanza hawana, ya pili wanayo lakini bei yake leo si ya jana, na ukishanunua utafute tena wa kukudunga.

Mimi nina ugonjwa unaitwa pernishasi anemia, upungufu wa damu wa kukosa B12. Yaani tumbo langu halitengenezi tena protini moja, wataalamu wanaiita intrinsiki fakta, kazi yake ni kuishika B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mdogo ndo iingie mwilini. Bila hiyo protini unaweza kula utakavyo, B12 inapita tu. Kwa hiyo mheshimiwa ukituma watu wako watuambie "kuleni maini, kuleni mboga za majani" mnatuchosha. Mboga haina B12 kabisa, na maini nimekula mpaka muuza nyama akiniona tu ananipimia bila kuuliza.

Kabla haujajulikana niliambiwa ni presha, nikaambiwa ni mawazo, nikaambiwa ni taifodi (hii lazima, hakuna ugonjwa pwani hii usioanzia taifodi), halafu nikawekwa kwenye tembe za foleki asidi, vitamini nyingine ya kuongeza damu, miezi na miezi. Damu ikapanda kidogo wakafurahi, na mimi nikafurahi. Kumbe foleki asidi ikipewa peke yake yaweza kupandisha damu huku neva, yaani mishipa ya fahamu, zinaendelea kuharibika chini kwa chini kwa kukosa B12. Zangu ndo hivo zimeharibika. Mimi ni fundi cherehani. Saa hizi nikikaa kwenye cherehani mguu wangu uko kwenye pedeli lakini siusikii, najua nakanyaga kwa vile naona gurudumu linazunguka na kitambaa kinasogea, nikifumba macho siwezi kukwambia mguu uko wapi. Usiku nikienda chooni napita nikishika ukuta. Wateja wa kanzu za Idi nimewarudishia vitambaa vyao.

Sasa tuje kwenye hiyo GMO yako iliyochekesha watu.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya maabara, ndo aliyenieleza na kunichapishia zile karatasi nilizokuja nazo. Kipimo cha zamani cha kujua kama tatizo ni hiyo protini kiliitwa cha Schilling, cha tangu 1953. Unameza B12 iliyotiwa kobalti yenye mionzi, unakusanya mkojo wa masaa 24 kwenye dumu, na kama haikuingia unarudia tena ukimeza pamoja na intrinsiki fakta, ambayo ilikuwa inatolewa kwenye tumbo la nguruwe. Nguruwe mheshimiwa. Hapa pwani. Ungenitangazia hilo kwenye maiki tuone nani angecheka. Sehemu nyingi wamekiacha, kwa ajili ya ile mionzi na pia watu wanaogopa magonjwa ya wanyama.

Basi 2003 wanasayansi wa Denmark, mji wa Aarhus, wakatoa matokeo yao: wamechukua jeni ya binadamu ya intrinsiki fakta wakaitia kwenye kimmea kidogo kinaitwa arabidopsisi, ndugu wa mbali wa kabichi na sukuma wiki, na kile kimmea kikaitengeneza protini ya binadamu kama ilivyo kazi yake. Kilo moja ya mmea mbichi ilikuwa na kama miligramu 70, na hata ukiukausha asilimia 60 ya nguvu inabaki. Nilimuuliza kijana mbona mmea, akaniambia ndo werevu wenyewe ulipo: mimea haina shughuli na B12, kwa hiyo haina protini zake za kuishika zikaja kuchanganyika na ile unayoitaka, wakati tumbo la mnyama limejaa za aina nyingine. Na mmea haukuletei ugonjwa wa nguruwe. Mwaka huo huo wakaonyesha kwamba protini ya huo mmea inafaa kupimia kama mwili unanyonya B12, na baadaye huko huko Denmark wakaja na kipimo cha kumeza B12 siku mbili tu, unapimwa damu kabla na baada, hakuna mionzi wala dumu la mkojo.

Swali langu mheshimiwa lilikuwa fupi sana: kile kipimo cha kisasa ulichotuahidi ni cha namna hii au ni kipi? Nilitaka kujua tu. Kama jibu ni "sijui" ungesema sijui, ningekaa chini.

Halafu hii habari ya kulishwa GMO. Hakuna anayeula huo mmea, haupikwi na nazi, unasagwa inachujwa protini basi. Na kama hofu ni jeni ya binadamu kutiwa kwenye kiumbe kingine, mheshimiwa, insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya watu iko sokoni tangu 1982, na nina hakika wagonjwa wako wa sukari wanadungwa insulini za njia hiyo kila siku hapo hapo hospitalini. Chanjo ya homa ya ini B wanayopewa watoto wetu inatokana na hamira iliyotiwa jeni. Marekani 2012 walipitisha dawa inayotengenezwa na seli za karoti kwa wagonjwa wa Gaucher, ugonjwa mmoja wa kurithi. Pamba ya Bt, iliyotiwa jeni ya kuua viwavi, serikali imeruhusu wakulima kuipanda hapa hapa Kenya tangu Desemba 2019, labda aliyecheka sana siku ile alikuwa ameivaa. Ile marufuku ya 2012 mpaka Oktoba 2022 ilikuwa ya kuingiza vyakula vya GMO nchini, haikuwa ya dawa. Mimi mwenyewe mahindi ya GMO sijaamua, nina maswali yangu kuhusu mbegu na nani anazimiliki, hilo ni haki ya kila mtu kuuliza. Lakini kuchanganya hayo na dawa ya mgonjwa aliyesimama mbele yako ili upate kicheko, hapana. Wewe ni waziri wa afya, si MC wa harusi.

Haya, tuseme yote hayo ni ya Denmark na sisi si Denmark. Nakubali. Sitaki mmea. Hata kipimo, mheshimiwa, nakusamehe, mimi nimeshapimwa, sampuli yangu ilipelekwa Nairobi kwa pesa ya kuuza cherehani yangu ya pili. Ila kuna wengine wako foleni pale wanapewa foleki asidi kama mimi, na wazee wa sukari wanaokunywa metformini miaka, nayo inajulikana inashusha B12, hakuna anayewapima. Hao uwafikirie.

Mimi nataka sindano. Dawa yenyewe ni chupa ndogo nyekundu, si dawa mpya, B12 ilipatikana safi tangu 1948. Mgonjwa kama mimi akishatulia anahitaji moja tu kila miezi miwili mitatu. Kwa nini inakosekana sijui, wengine wanasema msambazaji anadaiwa hajalipwa, nesi mmoja alininong'oneza kwamba haikuandikwa hata kwenye oda, na mimi naona kuna mtu ofisini kwako anadhani vitamini ni kitu cha kupendezesha ngozi. Chunguza mwenyewe, una gari na una karani. Na sindano zikishindikana kabisa leteni basi tembe za maikrogramu 1000, kwenye dozi kubwa hivo kama asilimia 1 inapenya yenyewe bila hiyo protini, na hiyo asilimia 1 inatosha kutusogeza. Lakini sindano kwanza. Neva zilizoharibika zimeharibika, naomba zilizobaki zisiende.

Kliniki yetu ni Jumatano, mheshimiwa. Tuma hata kaboksi kamoja, na jina la dawa liingie kwenye oda ya robo ijayo. Msamaha wa siku ile ukitaka utaomba, usipotaka basi. Sindano, tafadhali.

Wako kwa heshima,
Fundi cherehani, mgonjwa wa kliniki ya Jumatano