Kwa vijana wangu wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi): kuhusu Baali, unga na mafuta

Tumsifu Yesu Kristo!

Wajukuu zangu, katika Mwaka wa II wa masomo ya Misa za kila siku, juma la 10 tunasomewa Wafalme wa Kwanza kuanzia sura ya 17. Najua masomo ya siku mnayapitia kwenye simu, mmesimama ndani ya daladala. Si vibaya, ila haya yanataka mtu aliyeketi.

Baali, mungu wa mataifa jirani, aliaminiwa kuwa ndiye mwenye mvua. Naona mkulima wa Israeli hakumwendea kwa sababu amemchukia BWANA. Aliogopa njaa, akataka awe na mungu wa akiba. Ndipo mbingu zikafungwa, akaguswa palepale alipoweka tumaini lake. Na nabii Eliya akatumwa wapi? Sarepta, nchi ya Sidoni, kwao Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu, nyumbani kwa Baali mwenyewe! Huko nabii akalishwa na mjane wa mataifa aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Baali hakuweza kumshibisha mama huyo katika nchi yake. BWANA alimlisha kabla hata ya kushusha moto mlimani Karmeli, Eliya aliposhindana na manabii wa Baali.

(Mfalme Ahabu naye, wakati wa ukame huo, alikuwa akizunguka nchi kutafuta majani ya farasi na nyumbu wake. Ni sura ya 18, aya ya 5. Viongozi hao!)

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki kinatumiwa sana kuwakamua watu. Mtaambiwa mjane alimpa nabii mkate kwanza, basi nawe toa kwanza, panda mbegu. Wanaosema hivyo huishia hapo. Someni mbele: nabii alikaa nyumba ileile, akala unga uleule pamoja na mama na jamaa yake siku nyingi, na mtoto alipokufa alimbeba mikononi akamlilia Mungu. Hakuondoka na bahasha. Anayekuomba mkate wako wa mwisho, mwangalie kesho yake yuko wapi. Yale mafuta ya Sarepta nayo yalikuwa ya kupikia, hayakuuzwa kwa chupa. Hapa kwetu Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki marehemu. Walikuwa na shida za kweli, na mwenye shida hukimbilia anapoonyeshwa. Nawaomba tu msionyeshwe ovyo.

Hirizi sitaongea sana, mnajua. Linaloniuma ni mkeka wa kubeti. Kijana anafanya ishara ya msalaba asubuhi, jioni anaweka mechi sita kwa hela ya kodi ya mama yake, tena anasali rozari timu ishinde. Huyo ndiye Eliya alimwuliza: “Mtasita-sita katikati ya mawazo mawili hata lini?” Maandiko yanasema watu hawakumjibu neno. Manabii 450 wa Baali angalau walipiga kelele wakimwita mungu wao mpaka jioni, wakajikatakata kwa visu. Mimi huwaogopa zaidi wale walionyamaza, kwa kuwa hao ndio sisi tunaojaza mabenchi ya nyuma.

Msidhani nawaambia mkae mkisubiri kunguru walete mkate kama walivyomletea Eliya. Mjane alikutwa anaokota kuni, na baada ya muujiza alilazimika kukanda unga kila siku. Pipa la unga halikujaa hadi juu, halikupunguka tu. Mimi nimeishi kwa riziki ya namna hiyo, ya leo kwa leo, na nimesomesha.

Jumapili baada ya Misa ya pili nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya katekista. Mwenye deni la kubeti aje, tutaongea wawili tu, na sitamkaripia. Na wenye zamu ya kupeleka unga kwa wajane wa jumuiya, mwezi uliopita mlisahau mafuta. Lita moja kila nyumba, tafadhali.

Babu yenu, mlezi wa vijana