Jiwe Jeupe Ndani ya Soksi

Baba na Mama wapendwa,

Natumai hamjambo hapo Kayole, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi mzima, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu. Pesa za karo ya Junior nilituma Ijumaa. Zisipofika, nipigieni simu.

Kwenye mzigo atakaowaletea mwenzangu mtakuta soksi, na ndani yake jiwe jeupe. Baba, usicheke. Nililiokota Dover, chini ya yale majabali meupe yanayotazama Ufaransa. Likwaruze kwa msumari uone linavyomwaga unga. Ni chaki halisi, Mama, maana ile uliyofundishia miaka yote huenda ilikuwa jasi.

Baba, unakumbuka ile kazi ya Mombasa, nikiwa darasa la sita? Ulirudi ukiyalaani mawe ya matumbawe: yamejaa matundu, plasta inazama tu, afadhali mawe ya Ndarugo ya huko kwetu. Basi jiwe lile na hili la Dover ni kalsiamu kaboneti yote mawili, na yote yamejengwa na viumbe wa baharini. Tofauti ni jinsi chembe zilivyopangwa. Tumbawe hujenga kwa aragonaiti. Wadudu wa Dover, tuwaite hivyo, walijenga kwa kalsaiti.

Kwa nini wasitumie kitu kimoja? Jibu ni lile lako la kila siku: fundi wa Nairobi hujengea Ndarugo kwa sababu machimbo yako karibu. Katika bahari ya leo, kwa kila chembe moja ya kalsiamu kuna kama tano za magnesiamu. Magnesiamu ikiwa nyingi hivyo huikwamisha kalsaiti isikue, na aragonaiti ikapata nafasi. Ikishuka chini ya mbili hivi, mambo yanageuka. Ndivyo ilivyokuwa enzi ya Kretasia, iliyokwisha miaka milioni 66 iliyopita. Chini kabisa baharini kuna nyufa ambako sakafu mpya huzaliwa ikiwa ya moto. Maji yakipenya humo, mwamba hunyonya magnesiamu na kuachia kalsiamu. Wakati huo sakafu ilizaliwa kwa kasi, na maji ya bahari nzima yakabadilika.

Hapo viumbe wa seli moja, ndio wale wadudu wa Dover, wakajivika visahani vya kalsaiti visivyoonekana kwa macho. Wakifa, visahani vinazama, vinarundikana, hadi vikawa mamia ya mita za chaki. Nayo matumbawe, mafundi wa aragonaiti, sehemu nyingi yalipokonywa kazi na chaza wa ajabu waitwao rudisti, wengine wenye umbo la pembe ya ng'ombe, ganda lao la nje likiwa la kalsaiti.

Lililoninyima usingizi ni jaribio lililochapishwa 2006. Watafiti walifuga matumbawe ya leo kwenye maji waliyoyachanganya yafanane na ya Kretasia. Yalikua polepole, na sehemu ya mifupa yake ikatoka kalsaiti! Tumbawe lile lile, ila simiti imebadilishwa, na fundi hana habari.

Si wote wanaotii, lakini. Jamii nyingi za konokono na za viumbe wa magamba mawili zimeng'ang'ania aragonaiti waliyoanza nayo mababu zao, bahari igeuke isigeuke. Kwa ukaidi huo wangeelewana sana na Babu.

Baba, ukipata tena kazi Mombasa, niwekee kipande cha tumbawe kutoka kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Ufukweni usiguse kitu, usije ukashikwa kwa ajili yangu. Kisizidi kiganja, mzigo wa ndege ni ghali. Na hilo la Dover lifungieni kabatini, maana namjua Junior: ataandika jina lake ukuta mzima.

Mwanenu